Sikio la Fundi na Gari Lisilonguruma

Mume wangu wanamwita Sikio, na jina hilo kalipata kihalali. Gari litapita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, atakuambia, "Gari lile, plagi moja imekufa," na kweli imekufa. Sasa mtu huyohuyo, bomba la jikoni kwetu lilikuwa linadondosha maji tangu kitinda mimba wetu hajaota meno, na leo kitinda mimba ananyoa ndevu. Kila nikimwambia ananitazama kama namsimulia ndoto. Maji gani, anauliza, halafu anarudi kwenye chai yake. Nimeolewa na sikio la watu wengine, mimi.

Balaa lililetwa na kaka yangu. Tunamwita Mheshimiwa, ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kusimamia foleni. Alikuwa ameona magari mawili ya kifahari, yale makubwa yaliyoinuka juu, ya umeme, yametumika lakini bado yanang'aa, akasema hanunui mpaka shemeji yake ayasikilize. Moja jeupe, la mwaka wa kwanza wa toleo hilo. Jingine jeusi, la mwaka wa tatu.

Kwa mume wangu swali la lipi linunuliwe lilikuwa na jibu kabla hajavaa viatu. Gereji nzima inaijua kanuni yake: mwaka wa kwanza kiwanda kinajifunza kwa pesa zako, wa pili kinakuomba radhi, wa tatu ndio ununue. Ila asubuhi ile alivaa taratibu mno. Nilipomuuliza ana nini, akaniambia magari ya injini yanapungua, na kama kwenye haya mapya hana la kusikia, basi gereji ataifunga akae nyumbani. Alilisema kwa sauti ndogo. Moyo uliniuma, na papo hapo nikaingiwa na hofu, maana mtu yule nyumbani kutwa nzima nani atamweza? Nikajitwalia mtandio wangu nikafuatana na hao wawili.

Kwa muuzaji alifanya kama afanyavyo siku zote. Alivua kofia, akaegemeza sikio kwenye boneti ya lile jeusi, akafumba macho, akanyoosha mkono kumwashiria muuzaji awashe. Tukangoja. Akanyoosha tena.

"Limeshawaka, mzee," akasema muuzaji.

Mume wangu hakuinuka. Alimwambia alizime kwanza, ili asikie tofauti. Likazimwa, likawashwa, likazimwa. Hakuna aliyejua lini limewaka na lini limezimika, hata Sikio mwenyewe. Waosha magari waliacha matambara wakaja kutazama, na mmoja akauliza kama mzee anajisikia vibaya. Kaka yangu akajifanya anapokea simu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kisha nikapandwa na hasira, kwani kumcheka mume wangu ni kazi yangu mimi, si yao. Niliwatupia jicho wakarudi kwenye ndoo zao.

Muuzaji akashauri tuzunguke nalo kidogo. Alishika usukani, mume wangu akakaa pembeni yake, mimi na kaka nyuma, vioo juu. Muuzaji anasifu skrini, kaka anasifu ngozi ya viti. Tulipotoka kwenye mashimo tukaingia lami nzuri, mume wangu akainua kidole.

"Nyamazeni wote."

Hata Mheshimiwa alinyamaza, jambo ambalo mama yetu hakuwahi kuliweza. Mimi nilichosikia ni bangili zangu tu. Yeye alikuwa amegeuza shingo, anasikiliza chini ya kiti changu. Akamwambia muuzaji aongeze mwendo, apunguze, aongeze tena. Uso ukaanza kumchangamka. Kuna mvumo, alisema, beringi ya mota ya nyuma inalia, mwendo ukipanda nao unapanda. Miaka yote ngurumo za injini zilikuwa zinamfichia vitu vidogo kama hivi, na humu ndani hapakuwa na pa kujificha.

Tukahamia jeupe. Kimya safi. Muuzaji akaeleza kwamba magari ya mwaka ule wa kwanza yaliitwa yote na kiwanda yarudi kurekebishwa kasoro, na hili likabadilishwa mota na betri.

Hapo ndipo nilipoona jasho likimtoka mume wangu. Kanuni inasema jeusi, sikio linasema jeupe, na kanuni yenyewe kaitangaza kwa mdomo wake mji mzima.

"Shemeji," akasema kaka, kwa ule utamu wake wa kuudhi, "si ulisema mwaka wa tatu?"

"Nilisema. Nilikuwa sijalisikia. Chukua jeupe."

Kaka akachukua jeupe, akaturudisha nalo nyumbani. Tuliingia mtaani kimya kimya, hakuna jirani hata mmoja aliyetoka kuangalia, na jambo hilo lilimuuma Mheshimiwa kuliko bei. Mume wangu alishuka anapiga mluzi. Habari ya kufunga gereji hakuitaja tena, nami sikumkumbusha.

Akapitiliza jikoni kutafuta chai yake. Katikati ya jikoni akasimama, kichwa upande.

"Mama watoto," akasema, "hili bomba limeanza kuvuja lini?"

Nilimwangalia. Maneno ya miaka yote yalinijaa mdomoni. Nikayameza, nikaenda kumletea spana.