Wosia wa Jasper na Uwanja Usio na Lango

Shambani kwetu kuna uwanja umezungushiwa ukuta wa mawe pande zote nne, na hauna lango.

Sisemi lango liliziba. Sisemi liliporomoka. Halijawahi kuwepo.

Ukuta umenizidi urefu, na ndani ni nyasi tupu. Sisi tunauita Kipofu. Kondoo hawaingii, jembe haliingii. Kila baridi inapokatika, baba yangu alikuwa anauzunguka na toroli, anarudisha mawe yaliyodondoka. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Babu yako alifanya hivi." Basi. Mazungumzo yameisha.

Naitwa Marian Hebditch. Kwetu ni Dorset, kijiji cha Ambercombe. Someni hii mpaka mwisho, maana mdogo wangu nusura afe, na mimi nilikuwa namsindikiza huku nachekelea.

Iko hivi.

Babu wa babu zetu, Jasper Hebditch, alifariki mwaka 1763. Muda mfupi kabla ya kufa aliuza kinu chake cha nafaka. Akauza mashamba ya mtoni, yale ya udongo mzuri. Akauza na farasi.

Pesa hazikuonekana tena. Mwanawe Amos, ambaye ndiye tuliyetoka kwake, alianza maisha na suruali yenye viraka.

Na mwaka huohuo ndipo ule ukuta ulijengwa.

Sasa jiulize mwenyewe. Mzee anauza kila kitu, pesa zinayeyuka, halafu anajenga ukuta usio na lango. Ungesemaje?

Dhahabu. Ndiyo. Na sisi tulisema hivyohivyo, kizazi baada ya kizazi.

Kilichokosekana ni wosia tu. Kila mtu alijua Jasper aliuandika, kwa sababu Amos aliwahi kuwaambia wanawe kwamba baba yake ameukataza ule uwanja kwa maandishi, ila sababu hakuisema. Babu aliutafuta, akachoka. Baba naye akautafuta mpaka anaingia kaburini. Wosia hamna.

Baba alipofariki, shamba alirithi mdogo wangu Clive. Mimi nikaachiwa nyumba ndogo ya mjini na saa ya ukutani isiyotembea.

Sikulalamika kwa sauti. Lakini rohoni nilikuwa na hesabu yangu. Kama Jasper aliandika kwamba Kipofu ni mali ya uzao wake wote, basi nusu ya kilichomo ni yangu. Ndiyo maana nilikuwa nautaka ule wosia. Tusidanganyane.

Jumamosi moja nikaenda shambani. Nikamkuta Clive jikoni, kakunja mikono ya shati, anakula mkate na nyama ya nguruwe, uso umemng'aa utadhani bwana harusi.

"Dada, Alhamisi Trevor analeta katapila," akaniambia. "Kipofu anafumbuliwa macho."

"Clive, subiri kwanza nipate wosia."

"Wosia! Baba kautafuta mpaka kapata upara. Wewe unataka na wewe uote upara?"

"Nipe wiki mbili tu."

"Nikupe wiki mbili uje na mwanasheria? Nakujua wewe, Marian. Tumelala chumba kimoja utotoni, ulikuwa unahesabu biskuti zangu."

Nikacheka. Alikuwa amepatia.

Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshaingia mara kadhaa. Kaweka ngazi, karuka ukuta na sepetu na kile kidude chake cha kunusa chuma ardhini.

"Umepata nini?"

"Mapembe. Mifupa ya ng'ombe. Imejaa humo utafikiri machinjio."

"Na dhahabu?"

"Iko chini yake, dada. Mtu mwenye akili anayeficha mali anaweka mizoga juu, ili watu waone kinyaa. Yule mzee hakuwa mjinga."

Na mimi, mwanamke mzima mwenye elimu yangu, nikatikisa kichwa kukubali. Nikaona kweli, yule mzee alikuwa na akili.

Alipoinua kikombe nikaona kitu kwenye mkono wake, juu kidogo ya kifundo. Kidonda kidogo cha duara, katikati cheusi.

"Hicho nini?"

"Buibui, nadhani. Kwanza hata hakiumi."

"Paka dawa basi."

"Sawa, mama."

Nikaendelea kula mkate wangu.

Nilirudi mjini na mafaili ya baba. Nikayafungua mezani, nikaanza kufuata njia zake.

Huku zamani wosia wa marehemu ulithibitishwa na kanisa. Kila eneo lilikuwa na mahakama yake ya kanisa, na majina ya waliothibitishiwa yameorodheshwa mpaka leo. Baba alitafuta Hebditch kwenye mahakama ya wilaya yetu. Hamna. Akatafuta Canterbury, walikopelekwa wenye nazo. Hamna. Akatafuta hata waliokufa bila kuandika wosia. Hamna.

Nikarudia yote. Nikaambulia patupu kama yeye.

Ndipo nikafanya kitu ambacho baba na babu hawakukifanya. Niliacha kutafuta jina letu. Nikatafuta jina la kijiji.

Ambercombe. Hakuna.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia polepole. Vijiji vya jirani vyote vipo, watu wao wanakufa kila mwaka, wanaacha vitanda na sufuria kwa wajane wao. Wa kwetu hayumo hata mmoja. Sio mhunzi, sio mwenye baa, sio yule mjane tajiri mwenye kaburi la marumaru kanisani. Miaka nenda rudi, utadhani Ambercombe hakuna aliyewahi kufa.

Nikainuka nikawasha taa zote za nyumba.

Halafu nikakumbuka ubao wa kanisani kwetu, ule wenye majina ya mapadri. Kila mmoja ameandikwa kwamba aliteuliwa na Dekano wa Salisbury, yaani padri mkuu wa kanisa kuu la kule. Nimeutazama huo ubao tangu utotoni wakati wa mahubiri marefu.

Kijiji chetu kilikuwa cha Dekano, na Dekano alikuwa na mahakama yake mwenyewe! Mahakama ya wilaya haikuwa na mamlaka nacho hata kidogo. Wafu wetu wote walikuwa wamevuka mpaka, makaratasi yao yamelala kwa Dekano, mkoa wa jirani wa Wiltshire, na sisi tulikuwa tunawatafuta Dorset.

Nilicheza jikoni peke yangu. Nikaiandikia ofisi ya nyaraka ya kule kuomba boksi la wosia za kijiji chetu. Siku niliyopewa ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nikampigia Clive nikiwa njiani.

"Katapila limefika," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua.

"Unaumwa?"

"Kahoma kidogo. Dhahabu itaniponya."

Nikakata simu nikiwa na hasira. Niliona ananiwahi.

Kwenye chumba cha kusomea wakaniletea boksi. Nikafungua kifurushi, nikapekua. Mhunzi yule hapa. Mjane wa marumaru yule hapa. Kijiji changu chote kilikuwa mle ndani.

Na Jasper Hebditch.

Karatasi moja kubwa, imekunjwa mara nne, sahihi yake imetetemeka. Nilikuwa natafuta neno moja tu, "uzao wangu wote".

Nilichokisoma ni hiki, kwa maneno yangu, ila sijaongeza chumvi.

"Ng'ombe wangu walikufa wote katika juma moja. Walivimba, na damu nyeusi isiyoganda ikawatoka puani. Niliamuru wazikwe uwanjani na ngozi zao. Wanangu Robert na Luke walirudi kwa siri wakawafukua, wakawachuna, kwa kuwa ngozi ina bei."

Nikasogeza karatasi karibu na macho.

"Robert alitokwa na kidonda shingoni, na Luke mkononi, cheusi katikati kama mkaa. Nilipoogopa walinicheka, kwa maana hakikuwauma. Wote wawili wamekufa. Majirani hawakukubali miili ipite kijijini. Nimewazika mlemle, na nguo zao, na ngozi walizochuna."

Wewe uliyekulia kwenye mifugo umeshajua. Mimi pia nilijua. Kimeta.

Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, hakiozi na mzoga. Kinajikunja udongoni, kinasubiri, miaka mingi kuliko umri wako na wangu. Na kidonda chake hakiumi.

Hakiumi. Nikamwona Clive na kikombe chake cha chai. Nikajiona mimi natafuna mkate.

Nikamalizia mistari iliyobaki huku macho yameingia ukungu.

"Fedha zote za kinu na za mashamba ya mtoni zilipe mawe na mafundi. Ukuta uzidi kimo cha mtu, usiwe na lango, asije mtu akashawishika kulifungua. Amos simwachii kitu, anisamehe. Nimemnunulia uhai."

Dhahabu yote ya Jasper ilikuwa ni ule ukuta. Tumeuegemea, tumeukojolea, tumekula chakula cha mchana kivulini mwake, na bado tukawa tunauliza pesa zilikwenda wapi.

Nilipiga picha ile karatasi, nikatoka mbio mpaka maegesho.

"Clive! Toka kwenye hilo shimo!"

"Subiri, Trevor kashavunja ukuta, tuko ndani. Dada, nimepata bizimu ya mkanda! Inaonekana ya fedha!"

"Itupe! Toka!"

Halafu akacheka, ila si kicheko kizuri.

"Umeupata wosia, sio? Umeona kuna chako. Sasa unataka nitoke ili uje na watu wako."

Iliniuma, kwa sababu asubuhi ile ingekuwa kweli.

"Clive, nisikilize. Luke alikuwa na kidonda mkononi kama chako. Hakikumuuma."

"Luke ndo nani?"

"Ndo mwenye hiyo bizimu."

Nilisikia injini ya katapila tu. Kisha sauti ya Trevor, yule dereva.

"Marian? Mdogo wako amekaa chini. Anatetemeka. Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko."

"Zima mashine. Usishike kitu chochote tena. Mpeleke hospitali, sasa hivi!"

Nilivyoendesha siku ile, Mungu ndiye anajua.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole. Akaniambia wanamtibu kwa kuumwa na mdudu, kidonda kimeingia uchafu. Nikamsukumia simu usoni.

"Soma hii."

"Mama, hii ni karatasi ya zamani sana..."

"Soma!"

Akaanza kusoma akitabasamu. Alipofika kwa Luke, tabasamu likaisha. Akamtazama Clive mkono. Akapiga hatua nyuma, akaenda kupiga simu ya ukutani, na hakuwa mpole tena.

Vipimo vilisema kimeta. Clive alilala hajitambui, anaweweseka, anaita ng'ombe kwa majina ambayo hatujawahi kuyatumia shambani. Nilikaa nje ya kioo nikilia. Nilimwahidi Mungu kila kitu, hata ile saa ya ukutani. Trevor naye alipewa vidonge, akameza kwa hofu, mwanaume mwenye mwili kama trekta.

Walikuja watu wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Wakafukia shimo, wakamwaga dawa, wakaliziba pengo kwa zege.

Clive akapona. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Alipona.

Alipoweza kukaa kitandani nilimsomea wosia wote, neno kwa neno. Aliposikia habari za Robert na Luke machozi yalimtoka, akajifuta kwa mkono ule mzima. Nikafikiri sasa yameisha.

Halafu akaniita.

"Marian."

"Nakusikia."

"Kinu, na mashamba yote ya mtoni, na farasi. Vyote viishie kwenye mawe?"

"Mawe na mafundi. Ameandika mwenyewe."

Akatazama mlangoni kama kuna mtu anatusikiliza. Akanong'ona.

"Mtu mwenye dhahabu angeandika hivyohivyo, dada. Ili watu waogope."

Nilitaka nimzabe kofi palepale, na dripu yake. Nikabeba mkoba wangu nikatoka bila kuaga.

Nikaingia ndani ya gari. Sikuwasha.

Na sasa nawaambia kitu ambacho hata Clive hajui. Nilikaa pale kwenye maegesho ya hospitali, harufu ya dawa bado imo nguoni, mdogo wangu ametoka mdomoni mwa kifo, nikaanza kupiga hesabu. Bei ya mawe enzi zile. Ujira wa mafundi. Bei ya kinu. Nikaona kama kuna pesa inabaki.

Nilipogundua ninachofanya, niliogopa kuliko nilivyoogopa nilipousoma ule wosia.

Nakala za wosia nimezipeleka kanisani, kwa wakili na kwa ofisi ya ardhi. Wangu mwenyewe nimeuandika pia, na onyo la Kipofu lipo mstari wa kwanza. Ndugu zangu, mkiambiwa hapa pana kifo, na moyoni mkasikia hapa pana mali, msimlaumu aliyewaonya. Tokeni hapo haraka, na msirudi peke yenu. Kimeta kina dawa, mdogo wangu ni shahidi. Hii sauti yangu ya hesabu bado sijaipatia dawa, na Jumapili nikienda kumwona Clive shambani, napita njia ya mbali na ule ukuta.