Insha ya Msitu

Vitabu viwili vya habari za miti niliachiwa na mwalimu mwenzangu Mhindi, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda. Aliniletea nyumbani kwangu Wandegeya, Kampala, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa, akasema havikupata nafasi kwenye sanduku. Mimi nilikuwa Mkenya, nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya mjini. Wanafunzi wangu waliandika nilichosema, wakanyamaza.

Vitabu vile viliwafungua midomo. Kimoja kilikuwa na picha za magome tu, ukurasa baada ya ukurasa. Tulitoka nacho nje tukayalinganisha na miti ya uwanjani. Wakaanza kuuliza. Mti hulala? Mutuba ukichunwa gome la kutengenezea nguo, huumia? Nusu ya majibu sikuyajua, na nilifurahi kutoyajua.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi, binti wa dereva wa lori la kuni. Kila Jumatatu alikuja na majani mapya mfukoni ili tuyatafute kitabuni.

Basi nikawapa insha juu ya msitu. "Msinakili kitabu," niliwaambia. "Andikeni mnayoyajua wenyewe, na mmalizie kwa swali."

Wakawa wanasoma mbele ya darasa mmoja mmoja. Zamu ya msichana yule ilipofika alisoma bila kusita: "Baba haendi tena kuchukua kuni katika msitu wa barabara ya Jinja. Anasema kuna watu wamelala chini ya miti na hawaamki. Swali langu ni hili: nani huwapeleka huko?"

Kwenye dawati la mbele alikaa mtoto wa sajenti wa jeshi. Aliacha kuchezea kalamu yake, akawa anamtazama.

Nilimnyang'anya msichana daftari. "Nani amekufundisha uongo?"

"Si uongo, Mwalimu. Baba ali..."

"Baba yako hakusema kitu. Umetunga. Sema umetunga."

Alitikisa kichwa. Nilichukua fimbo nikamchapa viganjani, na kwenye kiboko cha nne akasema ametunga. Nikauchana ukurasa mbele ya wote. Mtoto wa sajenti akacheka, wenzake wakafuata, nami nikawaacha wacheke. Nilikihitaji kicheko kile.

Siku ya tatu baba wa msichana alinisubiri langoni mwa shule. Alinisemesha Kiswahili cha Kampala, kwa sauti ya chini, akiniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, mimi nakuja kushukuru wewe. Ile fimbo iliokoa mimi."

Nilimuuliza kama amemweleza binti yake.

"Nitaeleza nini? Hata mimi nilichapa yeye. Wacha ajue alidanganya. Akijua ni kweli, atasema tena."

Nikamwambia ni sawa. Tukaagana kwa heshima, watu wazima wawili tuliokubaliana kumfanya mtoto mwongo.

Msichana hakunyoosha mkono tena. Insha yake iliyofuata ilisema msitu una miti mingi na miti ina faida. Niliipa alama zote, kisha nikaenda chooni nikalia. Mwisho wa mwaka yeye na baba yake walihama, na vitabu nikavifungia kabatini. Watoto walipoviulizia nilisema vimepotea.

Serikali ile iliyowafukuza Wahindi ilikuwa imekwisha kuanguka nilipokutana na msichana yule sokoni Wandegeya, sasa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Alipiga goti kidogo kunisalimu, kama ilivyo desturi ya kwao. Nilimuuliza habari za baba yake. Akasema alifariki kwa ugonjwa, kitandani kwake. Maneno niliyoyaandaa kwa miaka yote ile yakanitoka hovyo.

"Ile insha yako ilikuwa kweli," nilisema. "Nilijua siku ileile. Nilijua hata nilipokuwa nakuchapa."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza kitambaa.

"Insha gani, Mwalimu?"

Sikuweza kujua kama alikuwa amesahau au alikataa kuipokea toba yangu. Sikuwa na haki ya kumuuliza. Aliniaga kwa adabu, akaenda kununua samaki.