Kabula, Dereva wa Dampa Aliyehamia HR

Piip. Piip. Piip.

Hiyo ndiyo sauti iliyobaki kichwani mwangu. Kabula anatoka ofisini kwa bosi kinyumenyume, anaigiza dampa linalorudi nyuma, mikono imeshika usukani ambao haupo. Ameshahamia HR, amevaa suti, na bado anatoka hivyo.

Kabula amefariki. Sentensi hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Akili imeikataa. Aliugua ghafla, akafanyiwa upasuaji, hakuamka.

Kwa msiomjua: alitoka kijijini kwao Didia kuja mjini kukaa kwa shangazi yake Ngokolo, mtaa wetu, ili asome. Tukakua wote. Mimi nikasomea jiolojia, yeye akapata kazi ya kuendesha dampa mgodini Geita. Baadaye nami nikaajiriwa mgodi uleule, tukapanga nyumba moja.

Humo ndimo alimoanza kusomea rasilimali watu, hiyo HR yenyewe, huku bado yuko kwenye shifti. Anakoroga uji, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la sukari.

Madereva wenzake walimcheka. "Kabula, unaacha mashine kubwa hivi ukapige mihuri ya likizo?"

"Na ya kwako nitaichelewesha!"

Mimi aliniambia sababu yenyewe. Mwenzao mmoja aliumia kazini, na mkewe akapata habari kwenye kundi la WhatsApp kabla mtu yeyote wa kampuni hajamtafuta.

"Yule mama aliona picha, Madam Mawe. Picha!" Ndivyo alivyoniita, kwa sababu ya kazi yangu. "Lazima awepo mtu wa kwenda nyumbani kwa watu, akae nao, awaambie. Nitakuwa mimi."

Akawa yeye.

Safari yake ya kwanza nilikuwemo, nimeomba lifti ya kwenda nyumbani. Tulipitia kijiji cha Samuye kwa mke wa fundi aliyevunjika mguu. Gari jeupe la kampuni lilipoingia tu uani, vilio vikapasuka. Wanawake wakajitupa chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwao, gari lile likija limeleta msiba.

Kabula akatoa kichwa dirishani, anapiga kelele: "Ni mguu, mayu! Mama, ni mguu tu! Yuko hai, anadai ugali!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, "Watu wanaliona hili gari kama jeneza. Nitalizoesha kazi nyingine."

Na kweli. Mtu akipandishwa cheo, Kabula yuko barabarani kwenda kumwambia mama yake. Kijana akifaulu mafunzo ya udereva wa mitambo, gari jeupe hilo kijijini kwao. Bosi akamwita.

"Mafuta ya kampuni ya kufuatia vigelegele?"

"Ndiyo, bosi. Mbona yale ya kufuatia vilio huyaulizi?"

Kisha akatoka kwa piip, piip zake. Bosi alinihadithia mwenyewe, anajitahidi asicheke.

Mimi aliniandama. "Nafasi ya pili HR iko wazi, Madam Mawe. Wewe mtu akiongea unamsikiliza mpaka mwisho. Njoo. Hayo mawe yamekaa huko chini tangu dunia iumbwe, hayana shida na wewe."

Nikawa namjibu, nitafikiria. Baba yangu anajivunia jiolojia yangu kuliko ninavyojivunia mimi. Kwa hiyo nikafikiria, nikaendelea kufikiria.

Alipofariki, ofisi ilitaka kumpigia simu mjomba wake. Siwalaumu. Aliyekuwa na kazi ya kwenda ndiye huyo aliyekufa.

Nikasema nakwenda mimi. Nikawaomba wenzetu wote, madereva, mafundi, watu wa jikoni: hakuna kuposti chochote mpaka nifike Didia. Hakuna hata mmoja aliyeposti. Asanteni. Sitasahau.

Gari liliingia uani. Mama Kabula akatoka jikoni mbio, mikono ina unga, anapiga vigelegele. Gari lile kwake lilikuwa limeleta mambo mema tu. Limemleta mwanawe siku alipohitimu. Limemleta na habari za cheo.

"Wabeja! Wabeja! Asanteni! Leo mmeniletea nini?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na mwenzako mbona hashuki?"

Jamani.

Nikamshika mikono ile yenye unga. Nikamwambia kama Kabula alivyokuwa akiwaambia watu, bila kuzunguka. "Mama, Kabula amefariki." Sikusema "ametutoka", sikusema "amepumzika". Alishanieleza kwamba mtu akizungushiwa maneno huanza kutafuta humo mlango wa matumaini, na mlango haupo.

Kisha nikakaa naye pale chini. Sikuangalia saa wala simu.

Baada ya mazishi aliniita pembeni. "Mngenipigia simu ningeanguka peke yangu na unga wangu," akasema. "Sasa huko kazini, wanawake wenzangu wataendewa na nani?"

Swali hilo nilirudi nalo Geita. Sikulifikiria. Nimefikiria vya kutosha maisha haya.

Kabula, ndugu yangu, lala. Lala salama kwenye udongo wa kwenu, umechoka na barabara.

Baba nimemwambia. Akauliza, "Na mawe yote yale uliyosomea?" Nikamjibu nimeyasoma, baba, hakuna atakayenipokonya. Akasema basi, nile vizuri huko.

Jana asubuhi nimerudisha stoo nyundo yangu na lenzi yangu ya kukagulia miamba. Mchana nimesaini mkataba wa HR.