Damu Iliyopita Upande wa Mama

Kaka yangu alikufa siku ya tatu baada ya kutahiriwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na minne. Kidonda chake hakikuwa kikubwa kuliko cha wenzake. Walikatwa asubuhi moja, na mkataji mmoja, mbele ya watu wale wale. Wenzake walikauka kabla jua halijawa kali. Yeye hakukauka. Walimwekea majivu, wakamwekea majani yaliyotwangwa, wakamfunga kitambaa, na damu ikapita kwenye kitambaa polepole, kama maji yanavyopita kwenye chungu kipya. Damu ya kuruka nilishaiona kwa mbuzi. Hii ya kutoka taratibu, leo mchana kutwa, kesho yake tena, mpaka midomo ikawa rangi ya majivu, ndiyo iliyoniingia mwilini.

Wazee wa kwetu, Suguti, walikaa wakatafuta sababu. Wakapanda na ukoo wa baba, babu hadi babu, wakampata mmoja aliyewahi kuua mtu na hakutakaswa. Mbuzi akachinjwa. Ikasemwa kwamba msimu ujao, zamu yangu ikifika, ataitwa mkataji mwingine kutoka mbali.

Mama alisema mara moja tu, akiwa jikoni, kwamba ndugu yake wa kiume naye alikufa hivyo hivyo, kwao, kabla sijazaliwa. Shangazi akamjibu, "Huyo ni wa ukoo wenu. Msiba wake ni wenu. Usituchanganyie." Mama akaendelea kupika. Kwetu mtoto ni wa baba yake, na balaa la mtoto hutafutwa kwa baba yake. Hakuna aliyeona ajabu yoyote katika hilo, hata mimi.

Zamu yangu ilipokaribia nilitoroka. Nilikuwa darasa la sita. Nilidandia lori la samaki hadi Musoma, na shule ikaishia hapo.

Watu husema nilikuwa na miguu ya kuwasha. Ni kweli nilipenda kujua kila kitu: jinsi injini inavyovuta maji, kwa nini samaki aina ya furu wanabeba watoto wao mdomoni, nani aligundua sabuni. Lakini kilichonihamisha hakikuwa udadisi. Nilisukuma mkokoteni Nyakato, nikachoma matofali, nikaparua samaki ufukweni, na kila mahali nilikaa mpaka wanaume wenzangu waanze kunishangaa kwamba naoga peke yangu. Mkoani Mara, mwanamume asiyetahiriwa ni mtoto hata akiwa na mvi. Mmoja akitania, "Wewe unafichaga nini huko?" nilicheka nao, na kesho yake nikaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyofika Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na tulikula ugali wa unga wa njano ambao ng'ombe wa baba wangeukataa. Mishahara haikutosha mtu yeyote, ndiyo maana mwalimu wa sekondari, aliyefundisha sayansi ya viumbe, alikuwa akiuza maandazi nje ya geti letu kila alasiri. Alivaa shati jeupe na kalamu mfukoni, na beseni lake alilifunika kwa gazeti.

Ghalani tulikuwa na paka wengi, kwa sababu panya walipenda mbegu za pamba. Siku moja mwalimu alimwona mmoja mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, akasema bila hata kumkaribia, "Huyo jike mzuri."

"Umejuaje ni jike, mwalimu?"

"Niletee dume wa rangi tatu, nikupe kilo ya sukari."

"Unayo sukari?"

"Sina. Na wewe hutampata dume."

Kwa wiki tatu niliinua mikia ya paka wa Bunda nzima. Sokoni mama mmoja wa dagaa alinifukuza kwa ufagio akipiga kelele, "Mchungulie mama yako!" Paka wote wa rangi tatu walikuwa majike. Nilirudi kwa mwalimu nikiwa na makwaruzo mpaka kwenye viwiko, nikamwambia nimeshindwa, anieleze.

Alichukua pamba ghafi chini, akasokota nyuzi nne kwa vidole. Alisema kila kiumbe kinachozaliwa kwa dume na jike hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na katika vitu hivyo zimo nyuzi mbili zinazoamua jinsia. Jike ana mbili ndefu. Dume ana moja ndefu na moja fupi. Uzi mfupi unatoka kwa baba tu. Anayeupata huwa dume. Basi uzi mrefu wa dume, ule mmoja alio nao, lazima ameupata kwa mama yake. Rangi ya chungwa na rangi nyeusi za paka zinakaa kwenye uzi mrefu, moja kwa kila uzi. Anayetaka zote mbili sharti awe na nyuzi ndefu mbili, yaani awe jike.

Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikauliza tu, kwa kuuliza, "Na watu je? Kuna kitu cha watu kinachokaa kwenye huo uzi mrefu?"

"Vipo. Kuna wanaume hawatofautishi nyekundu na kijani. Na kuna ugonjwa wa damu isiyoganda. Mama anakuwa nao kwenye uzi mmoja, haumuumizi, kwa sababu uzi wa pili ni mzima unamfichia. Akimpa binti, binti naye anafichiwa. Akimpa mtoto wa kiume, huyo hana uzi wa pili wa kumsaidia. Akikatwa anatoka damu mpaka…" Aliniangalia. "Wewe umekuwaje?"

Nilikuwa nimekaa chini. Nilimweleza kuhusu kaka, halafu nikamweleza kuhusu mjomba. Nilikuwa sijawahi kuwataja wawili hao katika sentensi moja.

Aliniuliza kama nimewahi kuumia. Nikamwonyesha mkono: mkanda wa chuma wa kufungia robota la pamba ulinichana mwaka mmoja kabla, nikafunga kitambaa, jioni pakawa pamekauka.

"Basi wewe huna," alisema. "Wala watoto wako hawatapata kwako. Ulipewa ule uzi mzima. Kuna dada?"

Nilikuwa naye mmoja, mkubwa wangu, ameolewa Butiama. Alikuwa na wasichana wawili, na kati yao mvulana wa miaka kumi na miwili. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Wavulana hukatwa mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa.

Mafuta hayakuwepo. Nilingoja lori siku mbili, likanifikisha njia panda, nikatembea. Njia nzima nilijiambia kwamba huenda dada hakupewa ule uzi, na kama alipewa bado ni nusu kwa nusu, huenda kijana alipewa uzi mzima kama mimi. Kisha nikamwona kaka na kile kitambaa, nikaongeza mwendo.

Dada alikuwa anaanika mihogo. Hatukuwa tumeonana tangu arusi yake. Sikumpa hata salamu ya maana.

"Mwanao akiumia, damu inakauka?"

Alinitazama, kisha akatazama nyumba ya baba mkwe wake, halafu akaanika kipande kingine cha muhogo.

"Jino lilipong'oka," alisema kwa sauti ya chini, "alitema damu siku nne. Nilimfungia ndani nikasema ana surua. Na akicheza mpira magoti yanamvimba kama viazi. Nani amekwambia?"

"Hawajui hapa?"

"Wewe mdogo wangu, una akili kweli? Waliponioa waliambiwa ya kaka. Mzee akasema hayo ni ya ukoo wenu, binti anayaacha kwenu, watoto ni wetu, watakuwa na damu yetu. Nikimwambia leo nimeyaleta, si ananirudisha Suguti na watoto nawaacha?"

Shemeji yangu alikuwa mgodini, hana habari. Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee mwenyewe, baba mkwe wa dada. Sikutaja jino; nilimwahidi dada sitalitaja. Nilimweleza kuhusu paka, nyuzi, mjomba na kaka. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe, halafu akasema, "Mura, nasikia ulitoroka kisu."

Mura ni kijana. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

"Ni kweli, baba."

"Basi unaongea na mimi kama nani? Wanawake wana habari zao, watoto wana habari zao. Mambo ya kisu yanaongelewa na wanaume." Wazee wawili waliokaa naye walicheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, amesoma kwa mapaka." Mzee hakucheka. "Nakuonea huruma, kwa hiyo sikiliza. Kesho kutwa watoto wa huku wanakatwa. Mjukuu wangu nitamngojesha, akatwe siku nne baadaye na wale wa ng'ambo ya mto. Wewe simama wa kwanza. Ukishakuwa mwanamume njoo tuongee."

Nilikubali. Nilikuwa na kovu mkononi, nilikuwa na maneno ya mwalimu, na nilijua kabisa, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba damu yangu inaganda. Mwili haukutaka kusikia habari za kovu. Asubuhi ya kukatwa nilisimama uchi mbele ya watoto waliofika kifuani pangu, nikatazama kilima, na kila mtu alitazama kope zangu kama zitapepesa. Mkataji alipoinama nilikuwa nasema moyoni: jike nyuzi mbili, dume moja, jike nyuzi mbili. Maumivu yalikuja na kupita. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi: kukaa kwenye jiwe, miguu nimetanua, naangalia matone mchangani, nayahesabu, nangoja yachelewe.

Yakachelewa. Kabla ya saa nne yalikuwa yamekoma. Nililia mbele yao wote, na wakanisamehe kwa sababu walidhani ni uchungu.

Siku ya tatu baada ya kukatwa mzee aliniita, akanipa kigoda, akaniita mkwe badala ya mura. Nilianza hotuba niliyoiandaa. Akainua mkono.

"Hakuna haja. Tumeona wenyewe. Umekauka vizuri kuliko watoto. Ile laana ya kwenu imekwisha. Kijana atakatwa kesho, na wewe utamshika mabega."

Nilimwambia, baba, kukauka kwangu hakusemi chochote kuhusu yeye, mimi na kaka tulizaliwa na mama mmoja na mmoja akafa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba damu ya ukoo ni moja, na mimi ndiye niliyeijaribu. Niliona nilichofanya. Nilikuwa nimempelekea ushahidi kwa miguu yangu, na ushahidi huo ndio ungemuua mtoto.

Nilitoka natembea kwa kutanua miguu. Uani mtoto mwenyewe alikuwa amesimama karibu na jiko. Wenzake wote walikuwa wamevaa shuka za waliokatwa. Yeye alikuwa bado na kaptura ya shule, na watoto wadogo wa jirani walikuwa wakimwimbia nje ya ua kwamba amebaki kwa mama.

"Ni wewe, mjomba," aliniambia. "Umenifanya mtoto. Ulikimbia wewe, unataka na mimi nikimbie!"

Akageuka akaupiga ngumi mlango wa bati wa jiko. Ukingo wa bati ukamchana chini ya kidole gumba. Si sana, mtu angelamba akaendelea na shughuli. Dada alitoka, akaona, akamvuta ndani upesi na kufunga mlango, kama alivyofanya kwa lile jino. Nilibaki nje. Nilisikia maji, kitambaa kikichanwa, kisha kitambaa kingine kikichanwa.

Mlango ulifunguliwa tena baada ya muda mrefu. Dada alikuwa amemshika mtoto mkono juu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akavuka ua, akaenda mpaka alipokaa baba mkwe wake, akapiga magoti.

"Baba, angalia."

"Nini? Amejikata. Mtie majivu."

"Nimetia. Mara tatu. Jino lilipong'oka alitoka damu siku nne, baba, nikakudanganya ni surua. Magoti yanavimba, nikakudanganya ni kuanguka. Ukitaka kunirudisha kwetu nirudishe. Lakini angalia kwanza."

Nilidhani mzee atampiga. Kisha aliuchukua ule mkono, akafungua kitambaa, akabonyeza jeraha kwa kidole chake mwenyewe. Likatulia. Alipoachia, likaanza tena, taratibu. Akafunga upya, akamketisha mtoto kati ya magoti yake. Adhuhuri alifungua, likaanza. Jua lilipoelekea kuzama alifungua tena, likaanza. Wale wazee wawili walikuja, wakaona, wakaondoka bila utani.

Asubuhi mkataji alipofika na mfuko wake, mzee alikuwa pale pale kwenye kigoda, mtoto amelala mapajani mwake ingawa miguu ilikuwa mirefu, inaburuza chini. Kitambaa kilikuwa cha tano. Mkataji aliuliza huyu ndiye aliyebaki?

"Huyu hapana," mzee alisema. "Wa ng'ambo wanakungoja. Nenda."

Hakusema nimrudishe dada kwetu, wala hakusema kwamba nilisema kweli. Aliniagiza nitafute namna ya kumfikisha mtoto hospitali ya Musoma, lori au baiskeli, akasema atakuja mwenyewe. Nilipoinuka akaniita tena. Wasichana wawili wa dada walikuwa wanasugua sufuria kwa mchanga, wanasukumana na kucheka. Aliwaonyesha kwa kidevu.

"Na hawa?"

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia sijui. Huenda mmoja ameubeba ule uzi, huenda wote, huenda hakuna. Hakuna kovu litakaloonyesha. Itabidi tungoje wazae.