Ruhusa ya Msitu wa Pennock

Avis Tolley alipika chakula cha shule ya Arlingford kwa miaka ishirini na tisa, na watu wazima wa kijiji chetu bado wanamwogopa kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kusimamiwa na yeye mpaka amalize kabichi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa hatua za haraka. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alivaa gambuti zake, akatia keki kikapuni, akaingia Msitu wa Pennock kwa upande wetu na kutokea upande wa pili, ukingoni mwa mto Teme, katika kijiji cha Stanning anakoishi dada yake Una. Mwendo wa dakika arobaini. Alianza mwaka 1971, akiwa bibi harusi.

Mwezi wa Mei, maua ya buluu yakitanda chini ya mialoni mpaka hujui pa kuweka mguu, sote tulikwenda kutembea huko. Januari, tope likifika vifundoni, alibaki yeye na wenye mbwa.

Kisha msitu ukauzwa. Mmiliki mpya, Bwana Lathbury, alitaka kufuga ndege wa kuwindwa, nao ndege hao hawataki mbwa wala watu. Septemba 2017 tulikuta lango limefungwa mnyororo. Njia pekee iliyosalia ya kwenda Stanning ilikuwa barabara inayozunguka kilima, maili nne, isiyo na pembeni pa kukanyaga, na malori ya kokoto hayapunguzi mwendo pale. Una alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, hawezi kutoka nyumbani. Avis hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Basi akawa anakwenda kwa barabara, kavaa koti la njano la kung'aa la marehemu mume wake, linalomfika magotini.

Siku moja nilimkuta njiani nikasimamisha gari.

"Panda, Avis."

"Nimelowa, nitakuchafulia viti."

"Panda, utagongwa."

Akapanda, kikapu mapajani. Tulipokwenda kidogo akasema, "Wiki iliyopita lori limenipigia honi nikaingia mtaroni. Keki ikawa kama uji. Una kaila hivyohivyo, halafu kalalamika haina sukari."

Tulipounda kamati ya kuidai njia, mimi nikawa katibu, kwa kuwa nilifanya kazi posta na mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti alikuwa Basil Orme, mwalimu wa hesabu aliyestaafu bila kuacha kufundisha. Alitueleza sheria mara nyingi kuliko tulivyohitaji. Watu wakipita mahali kwa miaka ishirini mfululizo, wazi, bila kuvunja uzio na bila ruhusa ya mtu, njia hiyo inakuwa ya umma. Lakini kama mwenye ardhi aliwaruhusu, basi walikuwa wageni wake tu, na mgeni hadai nyumba. Nikapewa kazi ya kuzunguka na fomu za ushahidi. Basil akaniambia nianze na Avis. Miaka arobaini na sita, kila wiki, nani angempita?

Tuliijaza jikoni kwake, chai mezani. Mara ngapi kwa mwaka? Upana wa njia? Majibu yake yalitoka kama mtu anayetaja vyumba vya nyumba yake. Tukafika swali la kumi na moja: je, uliwahi kupewa ruhusa na mwenye ardhi?

Kalamu yangu ilishaanza kuandika hapana.

"Ndiyo," akasema.

Nikamtazama. "Ndiyo nini?"

"Mzee Corfield alinipa. Aprili, sabini na nane."

Corfield ndiye aliyekuwa na msitu ule zamani, mtu tuliyemkimbia utotoni akipita tu barabarani na shoka lake. Nikaweka kalamu chini. Avis akawa anazungusha kikombe, kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba mwezi ule alikuwa amezaa mtoto wa kike, mfu.

"Hawakunionyesha. Siku zile walikuwa hawakuonyeshi, wanasema ni afadhali kwako. Nikarudi nyumbani. Watu wakanipa pole siku mbili tatu, halafu ikawa haisemwi tena. Frank mume wangu naye hakutaka isemwe. Basi nikaingia Pennock, nikakaa juu ya gogo, nikalia kwa sauti, maana kule mtu hasikiki. Kumbe Corfield yuko pale karibu anakata fito."

"Alikufukuza?"

"Nilisimama nikamwambia, samahani, Bwana Corfield, natoka sasa hivi. Akaniambia, kaa. Akakaa na yeye, mwisho wa pili wa gogo. Hakuniuliza kitu, Gwenda. Akatoa mkate wake na jibini, akakata kwa kile kisu chake cha kazi, akanipa nusu. Tulipomaliza akasema, pita humu siku yoyote, wewe na yeyote wa kijijini. Waambie Corfield karuhusu."

"Ukawaambia?"

"Sikumwambia mtu. Wangeniuliza nilikuwa nafanya nini kule."

Ningetamani kuandika hapa kwamba nilimshika mkono. Nilichofanya ni kumwambia hivi: "Avis, hakuna mwingine aliyesikia. Mzee kafa zamani. Tuandike hapana, tumalize."

Alinitazama bila hasira.

"Nikiandika hapana," akasema, "nakuwa nasema Corfield hakukaa na mimi."

Nikaandika ndiyo. Nilipompelekea Basil fomu ile, aliisoma mara mbili, masikio yakamwiva. Akaenda kwa Avis mwenyewe jioni hiyo hiyo, akarudi mikono mitupu. Sababu sikumwambia, haikuwa yangu ya kueleza. Yeye akaona ni ukaidi wa bibi kizee, na kwa maneno yake kijiji kizima kikaona hivyo hivyo.

Hakuna aliyemtukana. Kwetu mtu hatukanwi. Mwenye duka alimrudishia chenji yake bila zile habari za kawaida za hali ya hewa. Kwenye karamu ya mavuno ukumbini, viti viwili kila upande wake vilikaa vitupu mpaka padri alipokuja kukikalia kimoja. Nami nilikuwa meza ya jirani. Nilimwona akikata viazi vyake vidogo vidogo, akila vyote, kisha akajioshea sahani na kwenda zake. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko sisi sote, maana sisi tulitaka matembezi ya Jumapili, yeye alitaka kumfikia dada yake.

Mkaguzi wa serikali, atakayeamua, alikuja Machi 2019 kusikiliza pande zote katika ukumbi wetu. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua, anayeandika kila kitu kwa mkono. Mashahidi wetu kumi na saba walisema vizuri mno. Wote hawakuwahi kuruhusiwa, wote hawakuwahi kuzuiwa, na wengi walitumia maneno ya Basil. Kisha Avis akaitwa, akaja na koti lake la kanisani.

Wakili wa Bwana Lathbury alikuwa na fomu ya Avis mkononi, nayo ilimfurahisha.

"Bi Tolley, kwa hiyo ulipita kwa ruhusa ya mwenye msitu."

"Ndiyo."

"Na ruhusa hiyo alisema ni ya kila mtu wa kijijini?"

"Ndivyo alivyosema."

Nyuma yangu kiti kikalia. Basil alikuwa ameinamisha kichwa.

"Miaka arobaini na moja imepita," wakili akasema. "Una hakika unayakumbuka maneno yenyewe?"

"Nina hakika."

"Yamekukaaje hivyo?"

 Macho ya Avis yakazunguka ukumbi yakanipata mimi, nami nikahisi uso unaniwaka, kwa kuwa ndani ya chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua, na ndimi niliyemwambia aandike hapana. Akageuka kwa wakili.

"Yamenikaa," akasema.

Wakili akaketi. Mkaguzi akapenga kamasi, akaomba radhi, akasema ana maswali mawili tu.

"Huyu Bwana Corfield alifariki lini?"

"Novemba themanini na tisa. Chakula cha mazishi nilipika mimi."

"Na waliomfuata, kuna aliyekupa ruhusa?"

"Hapana. Msitu ulikwenda kwa mpwa wake, yuko Kanada. Sijawahi kumwona."

"Nawe ukaendelea kupita?"

"Kila Alhamisi, bwana. Ila ile wiki ya mafuriko."

Uamuzi ulikuja Julai, kurasa thelathini na moja. Mkaguzi aliandika kwamba ruhusa ya Corfield ilikuwa yake mwenyewe, nayo ilikwisha siku alipokufa. Toka hapo mpaka mnyororo ilikuwa miaka ishirini na saba, watu wakipita bila kumwomba yeyote. Njia ni ya umma. Sote tuliokuwa tukiiogopa ile ndiyo ya Avis, hata mmoja hakukaa chini akahesabu, na mwenyekiti wetu ni mwalimu wa hesabu. Kulikuwa na aya nyingine, niliyoisoma mara nyingi. Alisema ushahidi wa mashahidi wengi ulifanana kupita kiasi, na angeutilia shaka, lakini mmoja wao alisema jambo la kumdhuru mwenyewe, na maelezo yake kuhusu waliokuwa wakipita yalilingana na ya wenzake, ndipo akawaamini wote.

Basil alimpelekea maua. Avis akayapokea mlangoni, akamshukuru, hakumkaribisha ndani.

Alhamisi ya kwanza baada ya mnyororo kutolewa nilimngoja langoni. Hakuuliza nafanya nini pale. Tukaingia. Jua la Agosti lilikuwa linapenya vipande vipande, na njia ilikuwa imeota miiba hadi kiunoni, ikabidi tuisukume kwa fimbo. Nilikuwa nimeandaa maneno toka asubuhi. Yalipotoka yalikuwa machache kuliko nilivyoyapanga.

"Siku ile jikoni nilikukosea, Avis."

Akasukuma miiba kando kwa fimbo yake.

"Ulinikosea," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Ningempa jina Lettice. Frank alilipenda."

"Ni jina zuri."

"Una anasema ni jina la ng'ombe." Nikasikia kwamba anacheka. "Yeye nilimwambia mwaka huu tu. Sasa analitaja kila nikienda."

Tukashuka mpaka tukauona mto kati ya miti, maji ya kiangazi, kina kifupi, na paa za Stanning ng'ambo ya malisho. Una alikuwa kaketi dirishani na blanketi lake, na kabla hatujafungua mlango tulimsikia akiuliza huyo mwingine ni nani, na kama keki moja itatosha watu watatu.