Mashine ya Samaki

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi, manyunyu tangu alfajiri, na jua halikutoka hata mara moja.

Leo nimeitia cherehani yangu mafuta, na harufu yake imeniondoa kazini ikanirudisha utotoni. Ninyi mnaoijua mtanielewa: si mbaya, si nzuri, ni kama ya sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho. Nilikaa na kichupa mkononi mpaka chai ikapoa. Sijui kama nitaandika vizuri. Niliishia darasa la saba, na wakati wa mambo haya nilikuwa mdogo, miaka ile ya sabini. Nitasema nililoliona, na nisipojua nitasema sijui.

Tulikaa Nairobi, Kisumu Ndogo ya Kibera, chumba kimoja, mimi, ndugu yangu mdogo, Mama na Baba. Mama aliuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Baba alifanya kazi kiwandani mpaka siku mashine ilipomshika mkono wa kushoto. Vidole vilibaki vyote, lakini vilikufa; ungeweza kuvikunja kimoja kimoja na yeye asisikie. Wakamweka langoni awe mlinzi.

Kabla ya Nairobi Baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Kwao ziwani mtu alijulikana kwa namna anavyovuta uzi, mkono juu ya mkono, bila kuuacha ulegee. Tangu aumie hakuwa amerudi nyumbani. Watu wakimuuliza alisema nauli, siku nyingine kazi, siku nyingine mvua. Ni Mama tu aliyewahi kumjibu, akisonga ugali, hata bila kugeuka. "Sema tu unaogopa mama yako akuone huo mkono."

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Akinyi," Baba akasema polepole. Akinyi ni mimi.

Basi siku moja akarudi na kitu kimefungwa kwa gazeti, amekipata kanisani upande wa Kawangware, walikokuwa wakiuza vitu vikuukuu. Kilikuwa kama kopo zito limelala ubavu. Ndani mlikuwa na kigurudumu cha kukunjia uzi, kando mkono wa kuzungushia, na chini ya mkono nyota ya chuma ya kukaza na kulegeza. Sisi tuliita mashine ya samaki. Baba alitueleza na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona. Kwa kitu hiki huvuti uzi kwa vidole. Ufito unaubana kwapani, unalala juu ya mkono mbovu, na ule mzima unazungusha. Akivua samaki mmoja tu namna hiyo, alisema, ataenda nyumbani.

Shida ni kwamba mashine ilikuwa imekwama kwa kutu, haizunguki hata kidogo.

Tulimpelekea Mzee Kamau wa Gatina. Alikuwa na ploti na nyumba za kupangisha, lakini kutwa alishinda kwenye kibanda chake akitengeneza cherehani na baiskeli, kwa kupenda tu nafikiri. Wazee wa kabila lake hawakula samaki kabisa; chao kilikuwa chakula cha kupondwa. Aliigeuza mashine, akainusa.

"Kwa hivyo nyinyi hushona nyoka za maji na cherehani?"

"Afadhali nyoka, Mzee," Baba akasema. "Nyinyi mnapondewa chakula kama watoto hawana meno."

Mzee Kamau alicheka mpaka akakohoa. Halafu akafungua skrubu, akakwangua kutu, na akatia mafuta. Alikuwa na neno lake: chuma kikilia, kinyweshe. Alinywesha kila kitu, meno, vyuma, springi, mpaka visahani vyembamba vilivyopangwa kama chapati ndani ya gurudumu kubwa la meno, kimoja cha chuma, kimoja cha ngozi. Alipomaliza, mkono ulizunguka kwa kidole kimoja, na sauti yake ilikuwa tamu. Nikisema ukweli, kwa macho yangu ilikuwa kazi safi.

Jumapili tukateremka bwawani, chini ya Kibera. Baba alikuwa ameifunga mashine kwenye ufito wa mwanzi kwa mipira ya baiskeli. Tulikaa sana. Nakumbuka matope baridi na sauti ya vyura. Kisha uzi ukakaza, ufito ukapinda, na Baba akaanza kuzungusha.

Mkono ulizunguka, kigurudumu hakikuzunguka. Alikaza nyota mpaka mwisho, akazungusha tena, na uzi ukazidi kutoka kana kwamba anazungusha hewa. Mwishowe alifanya lile ambalo nafikiri mwili wake ulilifanya peke yake: aliushika uzi kwa mkono wa kushoto. Ukapita kati ya vidole vile kama unavyopita kwenye majani. Samaki akaenda. Baba alikunja uzi mtupu, na kwa uzi mtupu mashine ilifanya kazi vizuri kabisa.

Kama si Mama, ingeishia hapo. Ni yeye aliyesema turudi Gatina, na safari hiyo alikuja mwenyewe, na mkoba wake wa ngozi wa kanisani begani.

Mzee Kamau alianza kwa kuilaumu mashine. Alisema ni ya zamani, meno yameisha. Akafungua, meno yalikuwa mazima. Akasema basi ni kikono kidogo cha kuachilia uzi, hakishiki. Kilishika. Pembeni kijana mmoja alikuwa akingoja baiskeli yake, na kwa uvivu akachukua kikopo cha mafuta, akaanza kudondoshea raba za breki.

"Wewe, weka chini!" Mzee Kamau akamfokea. "Nani hupaka breki mafuta? Unataka kufa?"

Kisha akabaki ameshika lile gurudumu la meno, mdomo wazi. Akavitazama visahani. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Baba Akinyi," akasema, "hii kitu si cherehani. Hapa ndani iko na breki, na mimi nimeipaka mafuta. Samaki akivuta, inateleza tu."

Walivitoa visahani wakaviosha kwa mafuta ya taa. Vya chuma vilitakata. Vya ngozi vilikuwa vimelewa kabisa, vikamegeka vidoleni. Mzee Kamau alipekua vipande vyake vya ngozi, vya viti vya baiskeli. Vyote vinene, au vimeshaingia mafuta. Baba akaanza kukusanya vyuma kwenye gazeti.

Mama alivua mkoba begani, akatoa leso na kitabu cha nyimbo, akaugeuza ndani nje. Baba alikuwa amemnunulia kwa mshahara wake wa kwanza Nairobi. "Kata hapa," akasema. "Ni kavu. Na iko ndani, hakuna mtu ataona."

"Mama Akinyi, wacha," Baba akasema.

"Kata, Mzee."

Mzee Kamau alikata kwa kufuatisha kisahani cha zamani, taratibu, ulimi nje. Akapanga ngozi, chuma, ngozi, chuma, bila tone la mafuta. Kisha wakanipa mimi ncha ya uzi niizungushe kiunoni na kuishika kwa mikono miwili, nikaenda mpaka ng'ambo ya barabara. "Nyara, binti yangu, kaza miguu," Baba akaniita. Nikakaza. Akazungusha, na nikaanza kuteleza kwenye vumbi la Gatina, visigino vimechimba, watu wamesimama wanacheka, na Baba anacheka pia, na kila mzunguko unanileta kwake. Nilikuwa nikipinga kwa nguvu zangu zote na nilikuwa nikitaka nifike.

Jumapili iliyofuata alivua samaki, ngege wa saizi ya kiganja. Mwisho wa mwezi akaenda nyumbani.

Hakutukimbia, sitaki mtu aseme hivyo. Alituma samaki wakavu kwa watu wa basi, alikuja Krismasi, na alimwomba Mama tuhamie huko. Mama alikataa kwa sababu ya shule yetu. Nafikiri wote wawili walikuwa na haki. Lakini hakukaa tena na sisi, na mimi kwa miaka mingi niliamini mashine ndiyo iliyomchukua ghafla, kama ajali. Nilikuwa mtu mzima, na mume wangu ameshaenda kutafuta kazi mbali, ndipo nilipofikiria uso wa Mama pale kibandani. Yeye alijua kwamba mashine ikipona Baba ataondoka. Alijua kabla ya Mzee Kamau kushika kisu, na alisema kata. Sikuwahi kumuuliza, kwa hivyo labda nakosea.

Siku Baba alipoondoka Mama alifunga biashara mapema. Jioni tulikula omena alizobakiza na ugali aliousonga wa watu wanne kama kawaida, na ugali ulibaki.