Maji ya Ndizi Kabla ya Mtama

Siku ile ya kukamua ndizi kwetu Kanoni tulikuwepo mimi, mkamwana wangu, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nilikuwa nimeacha pombe tangu msimu wa kahawa, na usingizi ukaondoka nayo. Usiku nilikuwa macho hadi jogoo awike. Mchana mdomo ulitaka vitamu tu, nikalamba sukari kiganjani hadi mkamwana akaficha kopo.

Shemeji alikanyaga ndizi mbivu na nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, yakatoka maji yake tunayoyaita omuramba. Yasipotiwa mtama bado si pombe. Akanijazia kibuyu.

"Shemeji, kunywa. Sasa hivi bado ni ya watoto."

"Na ya bibi asiyelala," mkamwana akadakia, wakacheka.

Nikanywa yote. Utamu niliusikia ulimini, kwingine sikusikia kitu. Nikalala pale pale mkekani.

Nilipoamka, mkamwana alikuwa ameniwekea ndoo imejaa omuramba.

"Mama, hii yako ya kesho."

Mtama hakutia, ila ndoo ilikuwa ile ya kuchotea pombe. Masimbi ya pombe yaliyoganda mle yangetosha kuyachachusha, kesho yangekuwa pombe, nami ningeyanywa. Nikamwambia awape ndama.

"Yote, mama?"

"Yote."

Nikamtazama akimimina. Sikusikia huzuni wala fahari, na usiku sikulala.

Sikumbuki vizuri kama ndama walikuwa wawili au mmoja. Wa Kanoni mnaojua, nirekebisheni.